Kalemie: Wanaoicheka Peugeot 504 ya milango miwili wanasahau barabara

Wapenzi wa magari ya zamani ya mbio wakibishana, Porsche 911 hupewa ushindi haraka. Peugeot 504 ya milango miwili huchekwa: nzito, inalala kwenye kona, gari la wazee.

Kwenye lami, ni kweli, 911 ingeiacha mbali. Lakini mwaka 1978, katika Safari Rally nchini Kenya, Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda na 504 hiyo ya moteri V6. Mkenya Vic Preston Jr alikuwa wa pili, na 911. Mwaka huo huo Nicolas alishinda pia mbio za Bandama, Côte d'Ivoire.

Sababu iko chini ya gari. Kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake, na resori ni laini: shimo linamezwa, tairi linabaki ardhini, usukani unatii. Kulala kwenye kona ndiyo bei ya ulaini huo. Kwenye matope ya njia ya Kalemie–Nyunzu wakati wa mvua, ni bei ndogo. Huko hakuna anayefikisha kilomita 200 kwa saa, hata bwana harusi aliyechelewa.

Anayenunua gari lililokwisha tumika hapa Kalemie asianze kwa kuuliza linakimbia kiasi gani. Ainame kwanza, aangalie resori.