Matundu Madogo Si Upasuaji Mdogo

Mdharau mwiba mguu huota tende, walinena wahenga. Methali hii yafaa kukumbukwa kila upasuaji wa saratani ya utumbo mpana kupitia matundu madogo unapoitwa "upasuaji mdogo". Kisarufi, kivumishi kimehama tu kutoka nomino moja hadi nyingine. Kwa mgonjwa mwenye maradhi ya moyo au mapafu, kuhama huko kwaweza kumpotosha.

Katika upasuaji huu, kamera na vifaa vyembamba hupitishwa kwenye ukuta wa tumbo. Ndani, kazi ni ile ile: kipande cha utumbo chenye uvimbe hukatwa pamoja na tezi za limfu zilizo jirani. Ili daktari apate kuona, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo hubana mapafu na kuuongezea moyo mzigo. Mwenye afya huvumilia. Mwenye moyo dhaifu huhitaji jicho la karibu la daktari wa nusukaputi.

Faida zipo, tena kubwa. Maumivu hupungua na mgonjwa huinuka mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 872, ulibaini kuwa saratani haikurejea zaidi kuliko katika upasuaji wa wazi. Hata hivyo, takribani mmoja kati ya kila watano waliopangiwa matundu madogo alilazimika kufunguliwa tumbo. Isitoshe, wenye maradhi mengine mazito hawakujumuishwa. Hivyo basi, mgonjwa wa aina hii hawezi kujibiwa kwa takwimu za wengine pekee. Hali yake yapaswa kupimwa na kujadiliwa naye.

Mjadala huo huendeshwa kwa lugha. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Wapo watakaodai kuwa maelezo mengi humtia mgonjwa hofu. La hasha! Hofu mbaya zaidi ni ile imjiayo baadaye, anapozinduka na kukuta mshono mrefu asioutarajia.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wasiwaachie madaktari pekee jukumu la istilahi. Waketi nao, wakubaliane kuhusu "upasuaji wa matundu madogo", na kivumishi kibaki pale kinapostahili. Idhini isiyoeleweka si idhini.