CHEMA CHAJIUZA? VIAZI HAVIJILETI SOKONI

Nimeshika kalamu kusema jambo ambalo limenikwama kooni tangu muhula uliopita kama kiazi cha moto: kukimeza siwezi, kukitema naona haya. Leo nakitema.

Ilikuwa siku ya soko. Manyunyu yalikuwa yakianguka na ukungu ulikuwa umeificha Kirimaara yote, si mnajua baridi yetu. Karibu na pale punda wanaposhushwa magunia, kijana mmoja wa hapa hapa kwetu alikuwa amefunga kamba baina ya nguzo mbili. Kwenye kamba aliangika picha kwa vibanio vya nguo, kila moja ndani ya karatasi ya nailoni. Zilikuwa kumi na moja, zote za rangi za maji na wino, zote mpya. Hana gari wala duka, na hakuna tajiri wala ofisi iliyomwajiri. Anachora mwenyewe, anabeba mwenyewe, anauza mwenyewe.

Mzee mmoja alisimama akatazama. "Hizi nazo ni za nini?"

"Ni za kuuza, mzee. Nimezichora mwaka huu."

"Zinaliwa?"

Watu wakacheka. Ndipo sauti moja ikapaa kutoka kwa kikundi cha wanafunzi: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!" Kicheko kikazidi, hata wapagazi wakashika mbavu. Wenzangu, aliyetoa methali hiyo ni mimi. Nilijiona bingwa wa Kiswahili siku hiyo.

Yule mchoraji hakukasirika. Aliyatazama magunia yaliyopangwa kando yetu, kisha akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, na hivi viazi, vimejileta sokoni vyenyewe?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Viazi vya Kibirichia ni vizuri, hilo halina ubishi, lakini vinachimbwa, vinachaguliwa, vinabebwa na punda, na mama anakaa kwenye baridi akiita wateja mpaka jioni. Mbona hatumwambii mama huyo kwamba chema chajiuza? Methali hiyo inamkemea anayepigia debe bidhaa mbovu. Haikutungwa ili kijana mwenye kazi safi akae nyumbani na picha zake chini ya kitanda. Kitu hakiwezi kupendwa kabla ya kuonwa.

Wapo watakaosema kuchora si kazi, ni mchezo wa watoto wa chekechea. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipomwomba kaka huyo radhi na kukaa naye alasiri moja. Jameni, rangi za maji hazina huruma! Rangi hiyo ni unga laini uliochanganywa na gundi, na gundi yenyewe hutoka kwenye miti ya jamii ya mgunga, miti ambayo humea katika nchi kavu kama ile ya huko chini kuelekea kaskazini. Mchoraji wa rangi za maji kwa kawaida hatumii rangi nyeupe. Weupe ni karatasi yenyewe. Akitaka theluji ya mlima, ni lazima aiache karatasi wazi tangu mwanzo, apake rangi nyepesi kwanza, kisha nzito, na asikosee. Akikosea hakuna kufuta kama hesabu ya penseli. Baada ya rangi kukauka ndipo huja kalamu ya wino kuchora mistari ya paa la mabati, masikio ya punda, mikunjo ya uso wa nyanya. Na kwa baridi ya kwetu, kukauka kwenyewe ni subira. Karatasi moja ikiharibika, pesa zimekwenda na siku imekwenda. Anayeita hiyo mchezo na ajaribu.

Isitoshe, sisi wa Chama cha Kiswahili ndio tungekuwa wa mwisho kudharau wino. Waswahili wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliandika Kurani kwa mkono zamani kabla ya shule yetu kujengwa, wakazipamba kwa wino mweusi, mwekundu na rangi ya manjano. Nakala zilizosalia zinatunzwa leo kama hazina. Mafundi wale walikaa na kalamu ya mwanzi wakachora ua baada ya ua. Je, waliambiwa kazi yao hailiki?

Sasa tuje karibu na nyumbani. Wengi wetu tumesikia habari za Joy Adamson na simba wake Elsa, ambaye kaburi lake limo katika Mbuga ya Meru. Wachache wanajua kwamba mama huyo alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mama wa simba. Alizaliwa mwaka 1910 huko Ulaya, akafika Kenya mwaka 1937, na akaishi Isiolo, hapo chini tunapopaona siku ambayo hakuna ukungu. Alichora maua ya nchi hii kwa rangi za maji. Baadaye serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alichora mamia ya picha, na mwaka 1967 nyingi zikatokea katika kitabu chake kuhusu watu wa Kenya. Picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa kule Nairobi. Leo mjukuu akitaka kujua babu zake walivaa nini siku ya sherehe, anaweza kwenda kutazama pale.

Simlaumu Joy Adamson, la hasha! Alifanya kazi, akailipwa, na sisi tumefaidika. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mgeni akichora mzee wetu iwe ni historia, na kijana wetu akimchora mzee yule yule iwe ni mzaha wa sokoni? Elimo Njau alijibu swali hilo zamani. Mwaka 1959 alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Yesu katika milima na migomba ya Kiafrika, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa huko Nairobi ili wasanii wetu wawe na mahali pao. Hakungoja mtu aje kutuchora.

Kuna hoja nyingine ambayo ni lazima niijibu. Ati siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, picha ya nini? Nami nasema, simu hupiga kila kitu kwa nukta moja na tunasahau kwa nukta ya pili. Katika zile picha kumi na moja kulikuwa na moja ya akina mama wakichagua viazi. Mchoraji hakuchora nyuso. Alichora mikono tu, myeusi kwa udongo, na nyuma yake ukungu. Nimepita hapo mara mia, na mama yangu mzazi ni mmoja wa wanaochagua viazi, lakini sikuwahi kuitazama mikono yake mpaka nilipoiona kwenye karatasi. Jioni ile nilirudi nyumbani nikamsaidia kuteka maji bila kuambiwa. Alidhani nimekosa shuleni!

Na sasa nije kwa chama chetu wenyewe, maana mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mwaka jana tulimwendea kaka huyu atuchoree jalada la gazeti letu. Alipotaja bei yake tukamwambia, "Chora tu, utapata jina." Alikataa kwa heshima, nasi tukarudi tukimwita mwenye maringo. Lakini mpiga chapa tulimlipa. Mwenye karatasi tulimlipa. Hata matatu iliyoleta magazeti kutoka Meru tuliilipa, na dereva hatukumwambia atapata jina. Ni mchoraji peke yake tuliyetaka ale jina. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, sehemu ya mapato ya gazeti hili iwekwe kando kulipia jalada la mwaka ujao, kwa bei tutakayokubaliana naye, si ya kutupiwa. Pili, tumwombe mwalimu mkuu aturuhusu kuangika picha zake ukumbini siku ya wazazi. Zauzwe zisiuzwe, zionwe. Tatu, aalikwe saa ya vyama atufundishe. Mtaala wa umilisi una mkondo mzima wa sanaa na michezo katika shule ya upili ya juu, na wadogo zetu watauchaguaje kama hawajawahi kumwona mtu anayeishi kwa brashi yake?

Najua pesa ni haba, na wengine mtasema tununue kwanza kamusi mpya. Ni kweli kamusi zetu zimechanika. Lakini sisemi tununue picha zote kumi na moja. Nasema tuache kuomba bure kitu ambacho mwenzetu anakila.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Huyu anacheza kwao, kwenye baridi, kando ya punda. Nilimchekea mbele ya watu, na ndiyo maana naomba msamaha mbele ya watu, hapa gazetini. Siku ya soko ijayo nitakuwa pale kwenye kamba yake. Nimeweka akiba ya nauli ya wiki tatu, nimetembea kwa miguu, na ile picha ya mikono nimemwomba asiiuze. Anayetaka kunicheka anicheke.