Nani Atauliza kwa Niaba Yetu?



Mwajiriwa wa Kenya anayepata mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa kila mwezi shilingi 450 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza 450 nyingine. Tangu Oktoba 2024 hukatwa pia asilimia 2.75 ya mshahara, yaani shilingi 825, kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Makato hayo mawili peke yake yanafikia shilingi 1,275, kabla ya kodi nyingine na kabla unga haujanunuliwa.

Hatusemi kwamba serikali haina haki ya kutoza. Tunasema kwamba anayetozwa ana haki ya kuuliza, na kwamba mtu mmoja aliye Turkana au Kwale hawezi kumfikia Waziri akamwuliza peke yake. Kwa sababu hiyo tunachagua Bunge, na ndani ya Bunge tunahitaji watu ambao kazi yao ya kwanza ni kuuliza kile ambacho serikali isingependa kuulizwa. Watu hao tunawaita upinzani. Jina hilo limewaharibia kazi, kwa maana wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mpinzani ni mgomvi. Mwenye nyumba anayekagua hesabu ya msimamizi wake hagombani na mtu; anatunza mali yake.

Swali na gharama yake

Chini ya Katiba ya zamani Mawaziri walikuwa Wabunge. Swali liliposomwa, Waziri alisimama na kujibu mbele ya wote, na mara nyingi ukweli ulitokea katika swali la nyongeza, ambalo hakuandikiwa jibu lake na maofisa. Katiba ya mwaka 2010 iliwatoa Mawaziri Bungeni, lakini haikuwaondolea wajibu wa kujibu: Kifungu cha 153 kinamtaka Waziri afike mbele ya kamati anapoitwa na kujibu swali lolote linalohusu kazi yake. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 majibu mengi yalitolewa katika vyumba vya kamati, ambako wananchi wachache waliyasikia. Tangu mwaka 2023 Mawaziri wameanza tena kuitwa mbele ya Bunge zima, na hilo tunalisifu.

Haki hiyo haikupatikana bure. Oktoba 1975, Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Naibu wa Spika, walikamatwa katika majengo ya Bunge na kutiwa kizuizini kwa sababu ya maneno waliyoyasema ndani ya Bunge lenyewe. Wakati huo kilikuwapo chama kimoja tu, na hata ndani ya chama hicho sauti mbili zilionekana kuwa nyingi mno. Mbunge wa leo anayesimama na kumwuliza Waziri bila hofu ya kulala rumande amerithi kitu ambacho wengine walikilipia.

Kiti cha mwulizaji

Hata hivyo, kuna njia ya kulinyamazisha swali bila pingu. Mwulizaji anakaribishwa mezani.

Tumeliona jambo hili tangu mwanzo wa jamhuri yetu. Novemba 1964 chama cha KADU kilivunjwa, na Wabunge wake wakahamia upande wa serikali. Mwaka 2008, baada ya damu kumwagika, vyama vikubwa viliunda serikali ya mseto. Hatuwezi kuwalaumu waliotafuta amani, lakini Bungeni upinzani ulibaki jina tu. Machi 2018 viongozi wa pande mbili walipeana mikono, na makali ya upinzani yakapungua. Na mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana na kuvunjwa kwa Baraza la Mawaziri, baadhi ya vigogo wa upinzani waliapishwa kuwa Mawaziri. John Mbadi, aliyekuwa Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Taifa lililotangulia, akawa Waziri wa Fedha. Opiyo Wandayi, aliyeshika kiti hicho baada ya uchaguzi wa mwaka 2022, akawa Waziri wa Kawi. Viongozi wawili waliofuatana katika kuiuliza serikali wakavuka pamoja kwenda upande wa kujibu.

Hatuwahukumu watu hao. Huenda anayejua maswali yalivyo mazito atakuwa mwepesi zaidi wa kuyajibu. Hoja yetu inahusu kiti kile walichokiacha. Makato ya nyumba hayakusimama siku walipoapishwa. Yaliendelea kila mwezi. Fedha zinapoendelea kutoka na maswali yakapungua, anayepata hasara ni mlipaji.

Mambo yanayostahili kuulizwa

Tuchukue mikopo ya nyumba. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Lakini takwimu za Benki Kuu ya Kenya za mwishoni mwa mwaka 2023 zilionyesha kwamba mikopo ya kununulia nyumba katika mabenki yote ilikuwa takriban 30,000 tu, katika nchi iliyohesabu watu milioni 47.6 mwaka 2019. Wastani wa mkopo mmoja ulizidi shilingi milioni 9, na riba ya wastani ilikuwa kama asilimia 14. Anayekopa milioni 9 kwa riba hiyo kwa miaka 20 atalipa karibu shilingi 112,000 kila mwezi. Ni wangapi katika parokia zetu wanaopata mshahara huo, achilia mbali kuweza kuutoa wote kwa benki?

Serikali ililiona tatizo hilo. Iliundwa kampuni ya KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, ili iyape mabenki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu kwa riba ya asilimia 5, nao wamkopeshe mwananchi kwa riba isiyofika asilimia 10. Tofauti yake si ndogo. Mkopo wa shilingi milioni 3 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 hulipwa kwa shilingi 37,300 hivi kwa mwezi. Kwa asilimia 9 hulipwa kwa 27,000. Kwa muda wote huo mkopaji anaokoa karibu shilingi milioni 2.5. Hapa swali la mpinzani mwenye bidii linajitokeza lenyewe: je, ni wakopaji wangapi wamepata riba hiyo, katika kaunti zipi, na wenye mapato gani? Mwuza mboga asiye na hati ya mshahara, ambaye hulipa kodi ya nyumba bila kukosa mwezi, anahesabiwa wapi?

Kisha makato yenyewe. Mwaka 2018 sheria iliweka makato ya asilimia 1.5, na mahakama ikayazuia. Mwaka 2023 yalirudi katika Sheria ya Fedha. Hoja zilizoshindwa kwa wingi wa kura Bungeni zilipelekwa mahakamani na Okiya Omtatah, Seneta wa Busia, pamoja na walalamishi wengine. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ilitamka kwamba makato hayo yalikiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba yaliwabagua wenye ajira rasmi. Bunge likatunga sheria mpya, iliyotiwa sahihi Machi 2024, ikapanua makato hadi kwa wenye mapato yasiyo ya mshahara. Na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaikubali sheria hiyo. Tuone funzo lililomo. Swali lililoulizwa kwa uthabiti liliilazimisha serikali irudi ikaandike sheria yake upya. Hata aliyeyapenda makato hayo alipata sheria iliyo imara zaidi kwa sababu kuna mtu aliyeyapinga.

Sheria hiyo ya mwaka 2024 inawagawa wanunuzi kwa mapato. Wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wana nyumba za kijamii. Wanaopata kati ya 20,000 na 149,000 wana nyumba za bei nafuu. Ni jambo jema kuandikwa. Lakini wote wanakatwa, na si wote watakaopata nyumba. Basi na tuulize: nyumba ngapi zinajengwa kwa ajili ya kundi la chini? Aliyekatwa miaka mingi asipewe nyumba atanufaika vipi? Na palipojengwa ghorofa, je, maji, mfereji wa maji machafu, shule na zahanati vimekuja pamoja nazo? Nyumba isiyo na huduma za umma ni kuta tu. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyataja makao, matibabu na huduma za jamii pamoja, kama haki za binadamu zinazotokana na uhai wenyewe. Hazitenganishwi.

Wanaotujibu

Wako wanaosema kwamba upinzani huchelewesha maendeleo. Wanatuonyesha nyumba za Mukuru, Nairobi, zilizokabidhiwa mwezi Mei 2025, na vijana waliopata kazi za ujenzi. Tunafurahi pamoja na kila familia iliyotoka katika mabati na kuingia penye mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Lakini kazi njema haiogopi kukaguliwa. Waziri mwenye hesabu safi hupata heshima zaidi anapoulizwa kuliko anaposifiwa.

Wengine wanasema kwamba nchi inahitaji umoja. Ni kweli. Ila umoja unaodai watu wasiulize mahali fedha zao zilipo ni ukimya, na ukimya hauponyi kidonda. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 hawakuwa na kiongozi wa chama mbele yao. Walitoka kwa sababu hawakuona mtu Bungeni aliyewasemea. Swali lililokosa mlango wa Bunge lilipita barabarani, na tuliwazika watoto wetu.

Nao wapinzani wasijione wametakata. Yako maswali yanayoulizwa kwa ajili ya kamera, na yako yanayoulizwa ili mwulizaji aitwe pembeni akatulizwe. Yuko anayepaza sauti juu ya barabara ya kijiji chake na kunyamaza juu ya hospitali ya jirani, kwa kuwa jirani ni wa kabila jingine. Mwulizaji wa kweli husoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kabla ya kusimama, hutaja tarakimu, hungoja jibu, na lisipotosha hurudi nalo wiki ifuatayo.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Sisi tulio parokiani hatuwezi kuwaachia wanasiasa kazi hii yote. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Si lazima uwe msomi; yatosha uwe na swali moja lililo wazi, majina ya waliolitia sahihi, na uvumilivu wa kulifuatia.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wayazungumze maswali haya, na kuyafikisha kwa Mbunge na Seneta wao kwa maandishi, awe wa chama tawala au wa upinzani:

1. Katika jumuiya yetu ni wangapi wanaokatwa fedha za nyumba, na ni nani kati yao amepata nyumba au mkopo wa riba nafuu?

2. Mbunge wetu amemwuliza Waziri swali gani juu ya nyumba au afya katika mwaka uliopita, naye alijibiwa nini?

3. Kama hajauliza, tunataka aulize nini, na atatuletea jibu lini?

Siku atakapokuja kwenye harambee na bahasha yake, tumpokee kwa adabu, tumpe kiti, kisha tumwombe majibu ya maswali hayo kabla ya bahasha kufunguliwa.