Ni Nani Aliyekifinyanga?

Siku moja niliwaongoza wanafunzi wangu kutoka Bungoma kwenda kutazama maonyesho ya sanaa za kienyeji katika jumba moja la makumbusho. Msichana mmoja alisimama mbele ya chungu, akaniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyekifinyanga?" Nilitazama kibao, nikasoma: chungu cha Wabukusu. Nikamjibu, "Ni Wabukusu." Alifikiri kidogo, akasema, "Wote?"

Sikuwa na jibu. Kabila halina mikono. Chungu kile kilifinyangwa na mtu mmoja, yamkini mama mwenye watoto, aliyechimba udongo, akauchanganya na mchanga, akajenga chungu pete juu ya pete, akakiviringishia uzi uliosokotwa ili kipate nakshi, kisha akakianika na kukichoma kwa kuni na majani makavu. Kosa moja katika kazi hizo lingetosha kukipasua. Hakikupasuka, kwa sababu yeye alikuwa fundi. Lakini katika chumba cha pili, kila picha ya rangi ilikuwa na jina la mchoraji wake.

Zingatia jambo hili. Makumbusho ya Kitale yana asili yake katika makumbusho ya binafsi yaliyoanzishwa mwaka 1926 na Luteni Kanali Hugh Stoneham, mpenzi wa wadudu na ndege. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi ya Kenya hazina yake, na jumba jipya likafunguliwa mwaka 1974. Jina lake lakumbukwa, na ni haki likumbukwe. Tena ni kanuni ya elimu ya wadudu kwamba kipepeo huwekwa pamoja na kijikaratasi chenye jina la aliyemkamata, mahali na tarehe. Ikiwa mtu aliyemkamata kipepeo asiyemwumba huandikwa jina, kwa nini mama aliyekiumba chungu asiandikwe?

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema kuwa chungu ni chombo cha kupikia, si sanaa. Basi na watuambie habari za litungu. Litungu ni ala ya kupigwa, si pambo la ukutani. Je, anayelichonga na kulifunga nyuzi si msanii? Kitu kufaa kazi hakukiondolei uzuri wake.

Wa pili watasema kuwa mafundi wa zamani hawakutaka majina, kwani kazi yao ilikuwa mali ya jamii nzima. Maneno haya ni matamu, lakini hayatoshi. Kijijini fundi hujulikana. Mwenye kutaka mtungi imara huuliza umetoka katika mkono wa nani. Jina halikupotea pale udongo ulipochimbwa, wala halikupotea sokoni. Lilipotea njiani, baina ya soko na kabati la kioo, kwa sababu mnunuzi hakujisumbua kuliuliza.

Wa tatu watanikumbusha kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nawajibu kwa mfano wa Ladi Kwali wa Nigeria. Alijifunza ufinyanzi kijijini kwa shangazi yake, na katika miaka ya 1950 akaingia katika karakana ya ufinyanzi ya Abuja. Vyungu vyake vilionyeshwa London kwa jina lake mwenyewe, na sura yake imechapwa katika noti ya naira 20 ya nchi yake. Mkenya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja katika miaka ya 1970 kujifunza huko. Leo vyungu vyake vimewekwa katika British Museum mjini London. Sifa haikuitia maji kazi yao.

Methali yetu yasema mfinyanzi hulia gaeni. Zamani methali hiyo ilieleza umaskini wa fundi. Sisi tumeizidisha, tukamnyima hata jina.

Majina ya wengi waliokwisha kufa hatutayapata tena, na hilo ni hasara yetu. Lakini wafinyanzi, wasusi wa vikapu na wachongaji wa litungu wangali hai katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia, na baadhi yao ni bibi zenu na babu zenu. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, utakaporudi nyumbani wakati wa likizo, chukua daftari. Tafuta chombo kimoja kilichotengenezwa kwa mkono. Uliza jina la aliyekitengeneza, kijiji chake, mahali alipotoa udongo wake au mti wake, na mtu aliyemfundisha. Yaandike yote, utie na tarehe. Na utakapoingia katika jumba lolote la makumbusho, usione haya kumwuliza mwenye kukuongoza swali la msichana yule. Akikujibu kwa jina la kabila, muulize kwa adabu: wote?