Nafasi Tupu Kanisani

Siku ya Noeli ya mwaka 1897 Padre Gabriel Grison alianza misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko ya mto Kongo. Hapo ndipo lilipochipuka Kanisa la Kisangani.

Kanisa hilo limekwisha kuonja ukiwa. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji, ulioitwa bado Stanleyville. Upande huo wote wa nchi mapadre na masista wengi waliuawa, miongoni mwao Askofu Wittebols huko Wamba na Sista Anuarite Nengapeta huko Isiro. Tena mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji, mizinga ikaua mamia ya raia. Nani angekwenda Misa siku hizo?

Upungufu wa leo ni wa namna nyingine, maana hakuna anayetufukuza. Huyu yuko msituni achimba almasi, na huko Dominika ni siku ya kazi kama nyingine. Yule aona haya: hana viatu, hana sadaka. Mwingine amehamia kanisa la uamsho, kwa kuwa mtoto wake alipougua wale walikesha wakimwombea, na katika jumuiya yake mwenyewe hakufika mtu. (Wako wamwitao msaliti. Sisi twauliza kwanza nani alibisha hodi kwake.)

Hasara yaonekana msibani kuliko katika kikapu cha sadaka. Mjini petu familia nyingi hazina mshahara wa mwezi. Sanduku la maiti, kuni, chakula cha wafiwa, vyote hutoka katika mchango wa wanajumuiya. Jumuiya ya nyumba ishirini ikibaki na nyumba sita, mzigo haupungui hata kidogo. Mama yule yule aliyemwogesha mjane mgonjwa asubuhi ndiye atakayeteka maji ya matanga jioni. Akichoka naye, mjane atabaki na nani?

Nanyi wanafunzi, ninyi hujua mapema kuliko Padre nani hakuonekana Dominika. Jumatatu mtaketi naye benchi moja. Mwulizeni habari za nyumbani, bila lawama, kisha mwambieni katekista kama kuna mgonjwa.