Hawakuondoka kwa Sababu Walipewa

“Ukiwapa mamlaka yao leo, kesho watadai bendera.” Kauli hiyo haikosi kila panapozungumzwa haki za watu walio wachache ndani ya dola kubwa, na ina mifano yake miwili ya kudumu: Eritrea na Sudan Kusini. Walipewa, wakaondoka. Lakini anayeitoa mifano hiyo huruka ukurasa wa katikati.

Eritrea iliunganishwa na Ethiopia mwaka 1952 kwa azimio la Umoja wa Mataifa. Ilikuwa na katiba yake, bunge lake, na Kitigrinya na Kiarabu vikiwa lugha rasmi. Mfalme wa Ethiopia, Haile Selassie, akaanza kunyofoa kimoja kimoja. Kiamhari kikasukumwa shuleni na maofisini, bendera ya Eritrea ikateremshwa 1958. Waasi walifyatua risasi za kwanza Septemba 1961. Mwaka uliofuata bunge la Asmara likafungwa na nchi ikageuzwa mkoa tu. Vita vikala miaka 30. Katika kura ya maoni ya 1993, zaidi ya asilimia 99 walisema tunatoka. Watu hao waliishi miaka 10 na mamlaka yao, tena mamlaka yanayogugunwa kila mwaka.

Sudan ni vivyo hivyo, na pengine ni mbaya zaidi, maana pale dawa ilikwisha kuonekana inafanya kazi. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliwapa watu wa kusini serikali yao Juba, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikasimama kwa miaka 11. Kisha mafuta yakapatikana Bentiu, hukohuko kusini. Mwaka 1983 Rais Nimeiri, yuleyule ambaye serikali yake ilisaini, akaipasua kusini vipande vitatu na kutangaza sharia nchi nzima. Vita vya pili vilidumu hadi 2005, na kufikia 2011 hakukuwa na la kuwashawishi wabaki.

Msomaji wa Kenya atanishika hapa: mbona sisi tulifuta majimbo ya katiba ya 1963 mara tu baada ya uhuru, na hatukupasuka? Kweli. Si kila anayenyang’anywa huondoka. Ila Kenya hiyohiyo, baada ya karibu nusu karne, ilijiandikia katiba ya 2010 yenye kaunti 47. Kama kugawa madaraka ni sumu, walikuwa wakitafuta nini humo?

Wapo wanaosema kila kabila litataka lake, hadi nchi iwe viraka. Hili nalijibu kwa Wasidama wa Ethiopia. Kifungu cha 39 cha katiba ya Ethiopia ya 1995 kinaruhusu hata kujitenga. Novemba 2019 Wasidama walipiga kura, tena kwa wingi mkubwa. Waliomba jimbo. Jimbo, ndani ya Ethiopia ileile.

Hoja yenye uzito ni moja, na wanaoipinga Ethiopia ya majimbo wana haki ya kuisema kwa sauti. Jimbo likipewa kabila, anayeishi humo asiye wa kabila hilo anakuwa nani? Katiba ya jimbo la Benishangul-Gumuz inataja jamii tano kuwa ndizo wenyeji. Mwamhara au Muoromo aliyezaliwa hapo hayumo katika orodha. Huko Metekel, ndani ya jimbo hilo, watu wameuawa kwa sababu ya kabila lao. Hilo si dogo, na sitalifunika kwa mkeka.

Lakini tazama hoja hiyo inamtetea nani. Haimtetei waziri wa Addis Ababa anayetaka funguo zote zirudi mfukoni mwake. Inamtetea mkulima wa Metekel anayehitaji kiti katika baraza la wilaya, mahakama itakayomsikiliza, na mtoto wake afundishwe kwa lugha ya mama yake. Anachokidai dhidi ya jimbo ndicho kilekile ambacho jimbo lilikidai dhidi ya mji mkuu.