Mto Haufanyi Mkutano

Siku hizi kila kona unasikia maneno haya: kubali, tulia, acha maisha yaende. Kanisani unaambiwa. Kwenye semina za vijana unaambiwa. Hata kwa simu, kuna video za watu wa mbali waliokaa kwenye nyasi nzuri, wanasema uendane na mkondo wa maisha, eti ukipingana nao ndipo unaumia. Kutoka Rhino Camp mpaka Lobule huku Koboko, wimbo ni mmoja. Mimi nafanya kazi na vijana, na nasema wazi: huu wimbo, vile unavyoimbwa kwetu, unatudanganya.

Sisemi roho si kitu. Mtu aliyekimbia usiku na watoto mgongoni anahitaji utulivu kuliko mtu yeyote. Na sisemi mafunzo ya utulivu hayasaidii. Hapo hapo Rhino Camp, Shirika la Afya Duniani na wenzake walijaribu mafunzo yanayoitwa Self-Help Plus: vikao vitano, sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kitabu cha picha. Utafiti wake ulitolewa mwaka 2020. Uliwafuata wanawake 694 wa Sudan Kusini katika vijiji 14. Waliopata mafunzo walipungukiwa na mzigo wa moyo kuliko wenzao, ingawa baada ya miezi mitatu tofauti ilikuwa imeshuka. Hiyo ni kazi nzuri, lazima tuiheshimu.

Lakini angalieni mafunzo yenyewe yanasema nini. Rudi kwenye pumzi yako. Ipe huzuni nafasi. Halafu tenda kulingana na yale unayoyathamini. Halafu tenda! Hiyo sehemu ndiyo inapotea njiani. Kwetu mara nyingi inafika nusu tu: pumua, nyamaza, nenda nyumbani.

Sasa tutofautishe mambo mawili. Kufiwa ni mto. Mvua kuchelewa ni mto. Baba aliyebaki kule na hajulikani alipo, maumivu yake ni mto. Hapo kukubali ni busara, na kulia pamoja na majirani ni dawa. Hakuna ofisi ya kwenda kudai miaka iliyopita irudi.

Lakini mgao wa chakula si mto. Aprili 2020 WFP ilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi: wengine wakabaki na mgao mdogo, wengine mdogo zaidi, wengine wakatolewa kabisa kwa sababu wanahesabiwa kuwa wanajitegemea. Mei 2025 watu karibu milioni moja wakakatiwa. Najua fedha za wafadhili zilipungua. Lakini fedha hazikauki kama kijito wakati wa kiangazi. Kuna watu waliketi, wakapiga hesabu, wakaamua. Mto haufanyi mkutano. Mto hauandiki orodha. Jambo lililoamuliwa na watu, watu wanaweza kuulizwa.

Kijana ametolewa kwenye orodha kimakosa, nyumbani wako wanane. Umwambie aendane na maisha? Apumue, ndiyo. Akishapumua aonyeshwe meza ya malalamiko iko wapi, na mtu mmoja amsindikize. Huko kusindikizwa nako ni huduma ya kiroho. Anayemwambia akubali tu, anamfundisha kuita kosa la karani mapenzi ya Mungu.

Wahubiri wetu wanapenda kutupa mfano wa Ayubu. Sawa, someni chote basi. Ayubu hakunyamaza. Sura baada ya sura anauliza, anabishana, anataka kujibiwa. Na Nuhu je, ambaye Wakristo na Waislamu wote tunamjua? Aliambiwa maji yanakuja. Hakukaa akangoja yambebe, eti ndiyo imani. Alitafuta mbao, akajenga, watu wakamcheka. Utii wake ulikuwa na jasho. Hata wavuvi wa Nile hapa kwetu hawapigani na maji, wanayajua vizuri kabisa. Lakini hujamwona mvuvi anayeacha kasia nyumbani kwa sababu anauamini mto.

Waulizeni pia wazee wa Koboko na Arua. Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita vilivyofuata, wao ndio walikuwa wakimbizi, Zaire na Sudan. Upande wa Yei wengi walikataa kukaa kambini. Walijitafutia mahali vijijini, wakalima, wakafanya vibarua. Barbara Harrell-Bond aliandika habari zao katika kitabu chake Imposing Aid, 1986, akakosoa misaada inayoamuliwa bila wenyewe kusikilizwa. Leo jamii hiyo hiyo ndiyo imetupa ardhi ya kukaa. Walikuwa na subira, lakini subira yao ilishika jembe.

Wengine watasema: ukiwafundisha watu kuuliza, unaleta fujo. Hapana. Fujo inatoka kwenye maneno yaliyomezwa. Tazameni ugomvi wa kuni na nyasi kati yetu na wenyeji. Unapoa pale wazee wa pande zote mbili wanapoketi chini ya mti, kila mmoja akasema linalomuuma. Kuishi kwa amani ni kuongea mapema, kabla panga halijatoka nyumbani.

Dada yangu, kaka yangu unayefanya kazi kwenye shirika, nakuomba mambo mawili. Kabla ya zoezi la kupumua, waambie watu ukweli: nini kimepunguzwa, nani aliamua, malalamiko yanapelekwa wapi, jibu linarudi lini. Na ukiandika ripoti, usihesabu ukimya wetu kuwa ustahimilivu. Mtu anaweza kunyamaza kwa sababu amepona. Anaweza pia kunyamaza kwa sababu amechoka kuongea na watu wasiojibu. Uliza kwanza ni ipi.

Na sisi wakaaji, tusijifiche nyuma ya maombi. Kulalamika jioni kwenye kisima halafu kukosekana mkutanoni, hiyo nayo ni kubebwa na maji. Tuna baraza letu la wakimbizi, RWC, kuanzia kijijini. Tuna vikundi vya akiba. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea. Tuzijue haki hizo na tuzitumie.

Kikao kijacho cha RWC kikitangazwa, nendeni. Salini kabla hamjatoka nyumbani. Kisha mkifika, kaeni mbele, mnyooshe mkono.